Makande si adhabu

Nimechoka kusikia makande yakisemwa kuwa chakula cha bweni. Kosa si la chungu, ni la mpishi anayeyachemsha kwa chumvi tupu. Loweka mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharage tangu usiku, uokoe mkaa. Yakishaiva, kaanga kitunguu, nyanya na karoti, changanya, kisha mimina tui, jepesi kwanza, zito mwisho, huku ukikoroga taratibu lisikatike. Wapare, ambao makande hutajwa kuwa chakula chao, huenda wakanicheka kwa nazi yangu. Mimi mtu wa pwani, sijizuii. Sufuria moja inatosha nyumba nzima, bila mboga ya pembeni. Wengine hupasha kiporo chake asubuhi wakanywea chai. Kwangu hayajawahi kulala.