Beki hulipwa kwa bao tusiloliona

Juzi baada ya Isha, barazani kwetu hapa Mombasa, kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya Virgil van Dijk. Vijana walikuwa wakibishana kuhusu kandarasi aliyotia saini na Liverpool mwezi Aprili 2025, ya kumweka Anfield hadi 2027. "Mtu walimpa mkataba ana miaka 33," akasema mmoja, "hafungi mabao, kazi yake ni kuondosha mipira tu. Pesa nyingi ni haki ya Salah, si yake." Wengi wakacheka na kumuunga mkono.

Mpwa wangu, aliye kidato cha nne na beki wa kati wa timu yao ya shule, hakucheka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani akaniambia, "Mjomba, mimi sasa nataka kucheza mbele. Beki haonwi na mtu." Neno hilo ndilo lililonifanya niandike leo, kwa sababu ubishi ule wa barazani si wa pesa za Wazungu pekee. Watoto wetu wanausikiliza na kujipimia thamani zao.

Tuanze na hesabu. Januari 2018 Liverpool ilimnunua Van Dijk kutoka Southampton kwa pauni milioni 75, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa beki yeyote hadi siku ile. Watu walisema klabu imerukwa na akili. Msimu ule wa 2017/18 Liverpool ilifungwa mabao 38 katika ligi. Msimu uliofuata ilifungwa 22, ikatwaa Klabu Bingwa Ulaya, na mwaka 2020 ikachukua Ligi Kuu kwa pointi 99. Sitasema ni kazi ya mtu mmoja, maana kipa Alisson naye aliwasili 2018. Lakini tazama yaliyotokea Van Dijk alipoumia goti dhidi ya Everton, Oktoba 2020. Mabeki wenzake nao wakaumia, na mabingwa wale wakapoteza mechi sita za ligi mfululizo nyumbani kwao Anfield. Walimaliza na pointi 69. Salah alikuwepo, na mabao alikuwa akifunga.

Mashabiki wa Arsenal, nanyi mna ushahidi wenu. Machi 2023 mlikuwa mkiongoza ligi, William Saliba akaumia katika mechi ya Sporting Lisbon. Mwezi uliofuata mliongoza 2-0 kwa Liverpool mkatoka 2-2, mkaongoza 2-0 kwa West Ham mkatoka 2-2 tena, kisha mkafungwa matatu na Southampton hapo kwenu, sare ya 3-3. Ubingwa ukaenda Manchester City. Washambuliaji hawakushindwa kufunga. Kilichopotea ni kulinda kilichokwisha kupatikana.

Hapo ndipo ilipo tabu ya kumthamini beki. Bao la mshambuliaji lina dakika yake na marudio yake kwenye runinga. Bao ambalo beki amelizuia halimo popote. Ni kama chombo baharini: sote twalisifu tanga, na aliyetia kalafati hatajwi hata mara moja mpaka maji yaingie. Na siku beki akikosea mara moja, jina lake ndilo la kwanza kutajwa.

Wanaopinga wana hoja pia, na nisiwadhulumu. Bei kubwa pekee haimfanyi mtu kuwa ukuta. Agosti 2019 Manchester United ilimnunua Harry Maguire kwa pauni milioni 80, ikavunja rekodi ya Van Dijk, na kila shabiki anajua mzigo wa bei ile ulivyomwelemea. Ni kweli pia kwamba mfungaji ndiye anayeuza jezi na kujaza viwanja. Basi mkataba wa beki tuupime mmoja mmoja. Tuulize: asipokuwepo, timu inabaki ile ile? Jibu likiwa hapana, amestahili chake, hata kama hajafunga bao msimu mzima.

Tusiende mbali. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN, Harambee Stars waliifunga Morocco 1-0 pale Kasarani. Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, na jina lake likaimbwa nchi nzima kwa haki. Lakini Kenya ilipewa kadi nyekundu kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Kipindi cha pili chote, wachezaji kumi wakaizuia Morocco, timu iliyokuja kulibeba kombe lenyewe. Bao moja lile lingekuwa na faida gani bila dakika 45 zile? Rais alikuwa ameahidi shilingi milioni 1 kwa kila mchezaji kwa kila ushindi wa makundi, na ahadi ile haikutenganisha beki na fowadi. Katika jambo hilo, serikali iliona mbali kuliko baraza letu.

Kwenye mashindano yetu ya mitaani mfungaji bora hupewa zawadi yake, na ni sawa. Nawaomba waandalizi, wamtafutie na beki bora kitu, japo jozi ya viatu. Gharama yake si kubwa, na kuna watoto watakaojua kwamba wanatazamwa.

Mpwa wangu nilimwambia acheze mbele akipenda mbele, lakini asihame kwa sababu ya kicheko cha barazani. Hakunijibu. Jumamosi wana mechi, nami nitakwenda. Safari hii nitakaa nyuma ya goli lao, nimtazame yeye.