Video bila jina haitetei mutu

Shiye vijana wa Goma tunapiga video sana. Robine ikikauka, tunapiga. Barabara ikiharibika, tunapiga. Maandamano yakianza, simu zote ziko juu. Lakini miezi mitatu kisha, mutu akiuliza "ile video iko wapi?", kila mumoja anaanza kutafuta kati ya picha za arusi, za mpira na za mutoto wa dada, mupaka batri inaisha.

Miye niko na diplomi ya chuo kikuu, kazi sina. Nakula juu ya montaji za arusi na za doti. Njo maana wenzangu walinitafuta siku mwenzetu mumoja alikamatwa kisha maandamano madogo ya kuomba maji. Walisema alirusha mawe. Shiye wote tulijua hakurusha kitu: alikuwa ameshika kibidoni cha njano kwa mikono mbili, na kamera mbili zilimuona. Avoka akatuambia: "Muniletee hiyo video kesho."

Kesho haikutosha. Nilipewa flashi tatu, ndani faili 214. Kila kamera ilianza kuhesabu kwa 0001, kwa hiyo kulikuwa MVI_0034 mbili. Wakati wa kuhamisha, mutu alikubali ya pili iandikwe juu ya ya kwanza. Ile ya kibidoni ikafutika. Usiku mbili hatukulala. Siku ya tatu tukapata sekunde 11 tu, tena zimepitia WhatsApp: picha imefifia, na tarehe kwenye jina ni ya siku video ilipokelewa, si ya siku ilipigwa. Avoka akauliza maswali tatu: Nani alipiga? Siku gani, saa gani? Original iko wapi? Tukaangalia chini. Mwenzetu alilala ndani siku tisa zingine.

Sisemi ile ilikuwa kosa letu peke yetu. Aliyemufunga bila sababu njo mwenye kosa la kwanza. Lakini sehemu yetu ilikuwepo, na hiyo hatutamuomba serikali aitengeneze.

Tunajua video inaweza kufanya nini. Tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 2023, hapa Goma, askari waliua watu zaidi ya 50 waliokuwa wanataka kuandamana. Video za miili ikitupwa ndani ya kamyo zilizunguka dunia nzima, na tarehe 2 mwezi wa 10 tribunali ya kijeshi ilikuwa imekwisha kutoa hukumu. Mwaka 2018, huko Kivu ya Kusini, wakubwa wawili wa FDLR walihukumiwa juu ya mauaji ya raia. Kati ya ushahidi kulikuwa picha zilizopigwa na eyeWitness, programu ya simu inayofunga tarehe, saa na mahali ndani ya kila picha. Na katika kesi ya Thomas Lubanga, aliyepatikana na hatia kule The Hague mwaka 2012, majaji waliangalia video ya kambi ya Rwampara, Ituri, ya tarehe 12 Februari 2003. Miaka tisa kati ya video na hukumu! Yetu ya mwezi uliopita, tunaweza kuionyesha?

Basi tufanye hivi, si kesho.

Kwanza, original haiguswi. Kila karte ikifika, inakopiwa yote ndani ya dosie yake: KAM1, KAM2, SIMU1. Majina yaliyotoka kwenye kamera yanabaki vile vile. Kopi ya pili inaenda kwenye flashi ingine, inayolala nyumba ingine. Karte haifutwi kabla kopi zote mbili hazijafunguliwa na kuangaliwa.

Pili, kopi ya kazi njo inapewa jina. Mwaka unaanza, kisha mwezi, siku, mahali, tukio, kamera, namba: 2024-03-18_Majengo_maji_KAM1_034. Mwaka ukiwa mbele, ordinatere inapanga yote kwa mufuatano yenyewe. Musiweke nafasi tupu wala alama za ajabu. Na jina linatolewa kabla ya montaji, juu programu inatafuta faili kwa jina lake. Ukibadilisha katikati, kazi yote inapotea kwenye skrini.

Tatu, angalieni saa ya kamera. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Kamera iliyopangwa kule itasema saa mbili wakati hapa ni saa tatu, na upande mwingine utatumia hiyo kusema mumedanganya.

Ine, jina la faili lisitaje jina la mutu. Simu inaweza kukamatwa wakati wowote. Mama aliyekubali kusema uso ukiwa umefichwa, musimuandike kwa jina lake. Andikeni "shahidi_03", na daftari yenye kueleza namba 03 ni nani ikae mbali na video.

Najua jibu: "Hatuna ordinatere, kura inakatika." Ni kweli, na miye nalipa kusharji simu sawa na ninyi. Lakini kubadilisha jina la faili kunafanyika kwenye simu hiyo hiyo, na daftari ya shule inatosha kwa yale mengine. Kinachokosekana ni mutu wa kuifanya. Kila kikundi kichague mumoja ambaye siku ya tukio hapigi video wala haimbi: anapokea karte tu, anaandika. Kazi hiyo haina makofi, lakini avoka ataiulizia mbele ya zote.

Leo jioni, kabla ya kulala, fungua simu yako. Tafuta video moja tu ya maana, uipe siku yake na mahali pake, uweke kopi kwa mwenzako. Yule kijana wa kibidoni ametoka, lakini siku tisa zake hakuna wa kumurudishia. Anayefuata anaweza kuwa wewe, na ningependa video yako ipatikane siku ile ile.