Kabla ya Kuiacha Ngano

Anayeiacha ngano hapa Lemara, Arusha, hapotezi mengi mezani. Makande, mtori, wali, ugali na loshoro havina gluteni, ile protini inayoufanya unga wa chapati uvutike. Hata kitumbua cha mchele mtupu kimo. Mwenye kazi ni mnywaji, maana bia ya kiwandani hutokana na shayiri, ambayo nayo ina gluteni. Mbege ya ndizi na ulezi haina; wazee wa mlimani watalipenda hilo.

Swali ni kwa nini uiache. Wapo wanaolazimika: wagonjwa wa siliaki, ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mdogo kila gluteni inapoingia. Daktari Mholanzi Willem Dicke ndiye aliyeuhusisha ugonjwa huu na ngano, na njaa ya Uholanzi ya 1944–45 ikaipa nguvu hoja yake: mkate ulipoadimika, watoto wagonjwa walipata nafuu, uliporudi, wakazidiwa. Siliaki hukadiriwa kumpata mtu kama 1 kati ya 100 duniani.

Tumbo kujaa gesi ni jambo jingine. Utafiti uliofanyika Oslo na kuchapishwa 2018 uliwachukua watu wasio na siliaki walioamini gluteni inawadhuru. Kilichowasumbua zaidi kilikuwa fruktani, aina ya sukari iliyomo kwenye ngano. Vitunguu maji na saumu vinazo pia. Kwa hiyo waweza kuifukuza chapati ukabaki na mchuzi unaokuumiza. Na aliyeacha maandazi akapungua uzito aishukuru kwanza sukari na mafuta aliyoyakwepa.

Kosa baya zaidi ni kuacha kwanza, kupima baadaye. Kipimo cha damu cha siliaki hutafuta kingamwili, nazo hupungua mtu akikaa miezi bila ngano. Jibu laweza kuja safi na ugonjwa upo.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni unga wenyewe. Tangu kanuni za 2011, Tanzania hutaka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe madini ya chuma, zinki, vitamini B12 na asidi ya foliki. Unga wa ngano hutoka viwanda vikubwa, lakini mahindi mengi husagwa mashine za mtaani, ambako virutubisho hivyo havifiki kirahisi. Mwanamke anayetarajia kuzaa akihama chapati kwenda dona ya mashine, huenda anaiacha foliki inayomkinga mtoto na mgongo wazi. Basi apate vidonge vyake.

Mashine hiyohiyo humtesa na mgonjwa wa siliaki: ikisaga ngano ya uji wa lishe kisha ulezi wake, vumbi lililobaki latosha kumdhuru. Kwake yeye, karatasi kwenye mfuko wa lishe inayotaja kila nafaka iliyomo ina faida kuliko biskuti za bei mbaya zilizoandikwa kuwa hazina gluteni.