Nafasi ya Jino la Utotoni

Yako mazoea ambayo hatuna budi kuyakataa. Mtoto wa darasa la kwanza aumwa gego, apelekwa hospitali, jino lang'olewa, nao wazazi wasema: "Si kitu, hilo ni la utotoni, litaota jingine." Maneno hayo ni kweli nusu tu. Jingine litaota, lakini litaota wapi?

Mtoto ana meno 20 ya utotoni, matano katika kila robo ya kinywa. Apatapo umri wa miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya hayo yote. Kwa kuwa halitanguliwi na pengo, wazazi wengi hulidhani kuwa nalo ni la utotoni, wakaliacha lioze. Na hilo ndilo gego ambalo Edward Angle, bingwa wa Marekani, alilitumia mwaka 1899 kuzigawa kasoro za mpangilio wa meno katika mafungu matatu, kwa kutazama jinsi la juu linavyokutana na la chini.

Gego hilo lina tabia ya kusogea mbele. Jirani yake wa utotoni aking'olewa mapema, hujongea taratibu na kuikalia nafasi iliyoachwa. Mrithi wa nafasi hiyo, anayetazamiwa kati ya miaka 10 na 12, hufika akakuta mlango umezibwa. Basi huota upande au hubaki ndani ya taya. Jino la chonge la juu, ambalo aghalabu huchelewa kuliko meno ya mbele, husukumwa nje juu ya ufizi, na kijana aanza kucheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Sisemi kwamba kila jino lililopinda lina chanzo hicho. Wako waliorithi taya dogo na meno makubwa, na wako walionyonya kidole kwa miaka mingi. Wala mwanya wa mbele si ugonjwa. Watu wameusifu tangu zamani, nami sioni sababu ya kuuziba.

Baya zaidi ni lile liitwalo "meno ya plastiki". Mtoto mchanga ana homa na kuhara. Mtu asiye tabibu aona ufizi umevimba mahali pa chonge, akaupasua kwa chombo kichafu na kuchimbua jino changa. Mtoto aweza kufa kwa kutoka damu au kwa maambukizo. Akipona, huenda jino la ukubwani lililokuwa likijengeka hapo likaota na kilema, au lisiote kabisa. Na ule ugonjwa wa kuhara haukutibiwa.

Zahanati nyingi hazina mtaalamu wa meno. Aulizwe katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Swali la kwanza la mzazi liwe: je, jino hili laweza kuzibwa? Likiwa halina budi kung'olewa, aulize kama mtoto afaa kuwekewa waya wa kushikilia nafasi. Kupanga meno yaliyokwisha kupinda ni kazi ya mabingwa, nao ni wachache na wengi wako mijini. Hata Muhimbili, mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979 tu.

Mwalimu wa sayansi asingoje mabingwa hao. Awaagize wanafunzi wawatazame wadogo zao nyumbani, mwangani, wakihesabu meno kutoka katikati kwenda nyuma. Penye meno kamili, la sita ndilo gego la ukubwani. Waandike lina tundu au halina.