Ziwa au Bahari? Neno kwa wazee wetu wanaotafuta makazi ya uzeeni



Ndugu wasomaji, kila ifikapo likizo, ndugu zetu walioko Ubelgiji, Kanada, Uholanzi na nchi za Ghuba huja nyumbani, na swali moja halikosekani barazani baada ya swala ya Isha: tukistaafu, tujenge wapi? Wapo wasemao hapa Bujumbura, kando ya Tanganyika. Wapo wasemao Dar es Salaam, Unguja au Mombasa, kwenye upepo wa bahari. Sisi tunafundisha madrasa huku Zone Industrielle, kati ya maghala na viwanda, si mbali na bandari na ziwa, na hata wanafunzi wetu wakubwa huagizwa na baba zao walioko ng'ambo wawatafutie kiwanja. Kwa hiyo tumeona ni vyema jambo hili tuliseme wazi, kwani ni akiba ya umri mzima inayowekwa hapo.

Maoni yetu ni haya. Mtu asichague maji, achague ardhi na watu. Kwa Mrundi mwenye jamaa zake Buyenzi, Bwiza au Rumonge, nyumba ya kujenga kwa akiba ya maisha iwe upande huu wa ziwa, lakini isiwe ufukweni. Bahari akiitamani, na aifuate kwa kupanga, si kwa kujenga. Tutaeleza sababu moja baada ya nyingine, na mwenye hoja nyingine atujibu kwa wema.

Kwanza: maji yenyewe

Watu wengi hudhani kuwa bahari ndiyo ya kuogopwa na ziwa ni pole. Sivyo. Bahari hujaa na kupwa kila siku, na mkazi wa pwani anajua tangu utotoni maji yanafika wapi. Ziwa letu halina desturi hiyo. Linaweza kukaa chini miaka thelathini, watu wakajenga, wakapanda migomba, wakasahau, kisha likarudi kudai mahali pake.

Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 650, linapokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie nchini Kongo. Mvua zikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hupanda kwa sababu hayana pa kutokea haraka. Katika karne ya 19 Lukuga iliwahi kuziba, ziwa likajaa sana, hata mnamo 1878 maji yakavunja kizuizi na kuanza kutoka tena. Miaka ya mwanzo ya 1960 ziwa likapanda tena, na 1964 likafika juu mno. Kisha ikaja zamu yetu sisi: 2020 Rusizi ilifurika Gatumba na maelfu ya watu wakahama, na mwaka 2024 maji yaliingia Kajaga, Kibenga na mitaa mingine ya ufukweni, na bandari nayo haikusalimika. Mwezi wa Aprili mwaka huo serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada, watu wapatao laki moja wakiwa wamekwisha kuhama makwao kwa mvua na mafuriko tangu Septemba 2023. Maji ya namna hii hayaondoki jioni kama maji ya bahari. Hukaa wiki na miezi, yakala kuta, yakajaza vyoo, na maradhi ya tumbo yakafuata.

Sheria nayo imesema. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imeweka mita 150 kutoka ufuko wa Tanganyika kuwa eneo la kuhifadhiwa. Pamoja na hayo, nyumba za fahari zimejengwa humo, na bado wapo madalali wanaouza viwanja humo. Ndugu uliye mbali, unapotumiwa picha ya kiwanja chenye mandhari ya ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, usiulize bei kwanza. Mtume kijana mwaminifu akapime hatua kutoka majini. Awaulize majirani maji ya 2024 yalifika wapi, aangalie alama kwenye kuta. Alama ya ukutani haisemi uongo kama dalali.

Na bahari haina salama ya bure. Kule Kunduchi, Dar es Salaam, mawimbi yamekula ufukwe miaka mingi, hata majengo ya hoteli yakaanguka. Tanzania pia ina kipimo chake: sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari au ziwa. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikaribia pwani ya Tanzania na kuleta mvua na upepo mkali. Na hata pasipo kimbunga, hewa ya chumvi inakula mabati, nondo, bawaba na friji. Nyumba ya pwani inataka matengenezo kila mwaka, na mstaafu hana mshahara wa kila mwezi kama zamani.

Pili: ardhi ni ya nani?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea hesabu. Tunasema sote ni Afrika Mashariki, na kweli Burundi iliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza 2010. Lakini itifaki hiyo yenyewe imeacha mambo ya ardhi yaongozwe na sheria za kila nchi. Basi sheria zasemaje?

Tanzania Bara, sheria ya ardhi ya 1999 haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Nyumba ya kuzeekea si uwekezaji. Zanzibar, ardhi ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, na mgeni hupata kukodishwa kwa muda, au kununua nyumba katika majengo ya pamoja chini ya sheria ya mwaka 2010. Kenya, katiba ya 2010 inampa asiye raia ukodishaji usiozidi miaka 99.

Ukiyasikia haya, utaelewa kwa nini baadhi ya watu huandikisha kiwanja cha Kigamboni au cha Mombasa kwa jina la shemeji au rafiki aliye raia. Ndugu zetu, tunaomba mliache jambo hili. Shemeji akifa, kiwanja kitaingia katika mirathi yake yeye. Watoto wake hawakujui, hati haikutaji, na wewe una miaka sabini unapanda ngazi za mahakama. Wapo waliofarakana na ndugu zao wa damu kwa jambo hili, wakawa hawasalimiani hata siku ya Idi.

Wapo ambao hoja hii haiwahusu, nao ni haki kuwataja. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya laki moja na nusu, walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikatolewa mwaka 2014. Hao kwao Tanzania si ugenini, na akitaka kujenga Bagamoyo ajenge, ni nchi yake. Lakini wakumbuke kuwa Tanzania haikubali uraia wa nchi mbili, ilhali sheria ya uraia ya Burundi ya mwaka 2000 inakubali. Mzee mwenye pasipoti ya Ubelgiji au Kanada anaweza kubaki Mrundi kamili, akamiliki na akarithisha. Ahakikishe tu kwamba karatasi zake na za watoto wake ziko sawa kabla ya kununua chochote.

Wala tusijidanganye kwamba ardhi ya huku ziwani haina matatizo. Ukishuka Rumonge hadi Nyanza-Lac, pwani nzuri yenye michikichi na misikiti ya zamani, kuna viwanja vilivyoachwa na watu waliokimbia 1972, vikachukuliwa na wengine. Waliorudi wakakuta watu wamezaa na kuzeeka juu ya ardhi yao. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya kitaifa kusuluhisha migogoro hiyo, na mengine bado yanaumiza nyoyo. Mnunuzi Mwislamu haulizi tu kama hati ipo. Anauliza pia: kabla ya 1972 aliishi nani hapa? Mtume (s.a.w.) ametuonya vikali juu ya anayechukua hata shubiri moja ya ardhi ya mwenziwe kwa dhulma. Itakuwaje mtu amalize umri wake akiswali juu ya udongo wenye mwenyewe?

Tatu: nani atarithi, na kwa njia gani?

Wazee wengi huzungumza juu ya vyumba na maua ya uani, wala hawasemi neno juu ya siku watakapoiacha nyumba hiyo. Hapa pwani ina ubora wake, tukubali. Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi, na mirathi ya Mwislamu hugawanywa kwa mafungu yaliyopangwa katika Suratun-Nisaa. Burundi hatuna mahakama hizo, wala nchi haina sheria iliyoandikwa ya urithi. Mila ndiyo inayotawala, na kwa mila mabinti mara nyingi hawapati fungu katika ardhi.

Je, hiyo ni sababu ya kuhamia pwani? Hatuoni hivyo. Kadhi hugawa kile alichomiliki marehemu. Kama ulikuwa na miaka kumi iliyobaki ya ukodishaji, ndiyo hiyo itakayogawanywa. Lakini ni sababu kubwa ya kuandika. Mzee anayejenga huku aite familia yote angali hai na akili timamu, mabinti wakiwamo, akae na sheikh na mtu wa sheria. Kila mrithi ajue fungu lake, wasia wa wasiokuwa warithi usizidi thuluthi, na kama anampa mtu hiba ampe sasa kwa hati na makabidhiano, si kwa maneno. Kumwachia binti haki yake mikononi mwa kaka zake na mila ya mtaa, kisha tukasema Mungu atajua, huo si uchaji. Ni uvivu.

Nne: afya na watu

Tuseme ukweli tena: kwa mgonjwa, Dar es Salaam inatushinda. Kuna Muhimbili, kuna taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, kuna Ocean Road kwa maradhi ya saratani. Wagonjwa wetu wengi husafiri hadi huko. Na miaka ya karibuni Bujumbura tumekaa foleni za mafuta hata kumfikisha mtu hospitali imekuwa shida. Mwenye maradhi ya moyo au figo asione haya kuishi karibu na daktari wake. Ila si lazima akae ufukweni. Apange nyumba mjini kwa mwaka au miwili, na pesa ya ujenzi abaki nayo. Nyumba ya kupanga huiachi kwa majuto. Ikiwa matibabu yamekwisha au pensheni imechelewa, unarudisha funguo.

Lakini kwa aliye na afya ya kawaida, dawa ya uzee ni watu. Waarabu husema jirani kabla ya nyumba. Buyenzi mzee akikosekana msikitini Alfajiri mbili mfululizo, mtu atagonga mlango. Akifiwa, kabla hajalia vizuri uani pamejaa. Kule kwenye nyumba za pwani zilizozungushiwa ukuta, ambako nusu ya majirani huja Desemba na kuondoka Januari, nani atagonga? Mlinzi? Na tuwaulize akina mama, maana wanaume huamua nyumba kwa mandhari. Mama huuliza maji ya kisima yana chumvi au hayana, soko liko umbali gani, na akiugua usiku atamwita nani. Mwanamume asitie saini kabla ya kujibiwa maswali hayo.

Kwa hiyo, ndugu zetu, kama ziwa ni chaguo lenu, pandeni juu kidogo, mbali na zile mita 150 na mbali na alama za 2024, karibu na msikiti na jamaa. Ziwa mtaliona kutoka barazani, na jioni mtashuka kulitembelea kwa miguu. Kama bahari ni chaguo lenu na ninyi si raia wa huko, pangeni, au kodisheni kwa jina lenu wenyewe kwa muda ulioandikwa, na msiweke humo kile ambacho watoto wanakitegemea.

Nanyi wanafunzi mnaotumwa kutafuta viwanja, hiyo ni amana. Mkiona kiwanja kiko majini, mwambieni baba kiko majini, hata kama dalali amekuahidi chake. Baba yenu amefanya kazi miaka thelathini kwenye baridi ili alale pakavu.

Wabillahi tawfiq.