NYAYO BAPA SI UVIVU

Mtu akipita sakafuni kwa miguu iliyolowa maji huacha alama. Wengi huacha alama yenye pengo upande wa ndani. Wengine, nami ni mmoja wao, huacha alama nzima kama ya pasi. Hapa Majengo mwenye nyayo kama hizo huambiwa, "Huyo hawezi mbio." Naye akisema anaumwa baada ya mchakamchaka, huambiwa ni mvivu. Maneno hayo yote mawili si ya haki.

Yafaa tujue kwamba watoto wachanga karibu wote wana nyayo bapa. Upinde hujijenga polepole, pengine hata kufikia umri wa miaka 10, na wako watu wasioupata kamwe wala wasiumwe hata siku moja. Basi unyayo bapa peke yake si ugonjwa. Simama kwa vidole vya miguu: upinde ukitokea, na huumwi, huna haja ya matibabu.

Mwaka 1992 madaktari wawili wa India walitoa habari za watoto 2,300 waliopimwa nyayo. Kati ya wavaao viatu, 8.6 kwa mia walikuwa na nyayo bapa. Kati ya waendao pekupeku, 2.8 kwa mia tu. Kwa hiyo mzazi asione haya mtoto wake akicheza pekupeku mahali pasipo miiba wala vigae. Tena asipoteze fedha kwa viatu maalumu ili kumjengea upinde mtoto asiyeumwa. Uchunguzi wa miaka mitatu uliotolewa Marekani mwaka 1989 haukuona faida yake.

Lakini mguu unaouma ni jambo jingine. Mwenye maumivu ya kisigino au ya upande wa ndani wa kifundo apunguziwe mbio kwa muda. Avae viatu vinavyoshika kisigino vizuri. Kila siku aegemee ukuta na kunyoosha shavu la mguu, kisha ainuke kwa vidole mara kadhaa. Soli ya ndani iliyotengenezwa kufuata unyayo wake yaweza kupunguza maumivu; mafundi wa vifaa hivyo wamekuwa wakifundishwa Moshi, katika chuo cha TATCOT, tangu 1981. Upasuaji ni kwa wachache sana. Walakini mguu ukiwa mgumu, au mmoja tu ukibapaa ghafula, hapana budi kwenda hospitali upesi.

Rai yangu kwa walimu wetu ni hii: wakati wa kuchagua wakimbiaji wa UMISSETA, msitazame nyayo, bali mwulizeni mwanafunzi, "Unaumwa?" Asiyeumwa na akimbie pamoja na wenzake. Anayeumwa atibiwe, wala asichekwe. Nasi wanafunzi tuache kumhukumu mwenzetu kwa alama ya mguu wake, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.