Usingizi wa mgonjwa ni amana kwetu



Ndugu zangu katika imani, naanza kwa kukiri kosa langu. Hapa Nyamirambo, Kigali, nilikuwa na mwanafunzi katika darsa la usiku. Ghafla akawa halali. Usiku kucha anasoma, anaswali, anaongea mbiombio, anagawa pesa asizokuwa nazo. Mimi mwalimu wake nikamsimamisha mbele ya wenzake nikasema, "Mwigeni huyu!" Wiki mbili baadaye tulimshika barabarani, hasikii la mtu. Kisha ikafuata miezi ya kujifungia chumbani na kutamani kufa.

Familia iliogopa kumpeleka Ndera, kwani kwetu jina la hospitali hiyo limegeuzwa tusi. Alipotibiwa, ikajulikana ana baipola, maradhi ya hisia kupanda mno kisha kuporomoka. Akapewa dawa na siku za kuzungumza na mshauri. Hapo majirani wakaanza: "Mazungumzo ni porojo. Tupeni vidonge, msomeeni tu."

Nauliza: dalili yenu iko wapi? Qur'ani msomeeni, hakuna anayekataza. Lakini Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu. Na Abdullah bin Amr alipokuwa akikesha kila usiku na kufunga kila siku, alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa Sahaba mwenye afya alizuiwa kupindukia, seuze mgonjwa? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo hutibiwa kwa maneno na nasaha. Naye alikuwa mpiga porojo?

Huko Pittsburgh, Marekani, Ellen Frank na wenzake walichapisha mwaka 2005 utafiti wa wagonjwa 175 waliokuwa wakitumia dawa. Waliofundishwa kwa mazungumzo, tangu walipokuwa wamezidiwa, kushika saa zile zile za kulala, kuamka na kula, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua tena.

Waislamu, sisi ratiba tunayo! Hapa karibu na ikweta nyakati za swala hazibadiliki sana mwaka mzima. Aswali Isha, alale. Aamke Alfajiri, ale kwa wakati, asiachwe peke yake. Msimwamshe kwa tahajjud. Mkimwona halali siku mbili na wala hachoki, msiseme ni ucha Mungu, mpelekeni hospitali. Na anayemeza lithiamu asifunge kabla ya kumuuliza daktari, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kuizidisha dawa hiyo katika damu ikawa sumu. Mola amempa mgonjwa ruhusa. Nani wewe umnyang'anye?

Alhamdulillah, kijana yule leo anafundisha watoto alifu. Saa nne usiku taa yake imezimwa. Anayetaka atupe vidonge, basi aje mwenyewe kumshika barabarani.

Wabillahi tawfiq.